Leo Nani Anabeba Mkoba?

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mama akishapitiwa na usingizi, Dada huvuta stuli ya cherehani mpaka mbele ya televisheni, huvaa hedifoni, na kwenda vitani na wadogo zake wawili. Ndiyo, vitani. Mwanamke mzima, fundi wa sare za shule, miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani, anashika rimoti ya gemu na kuua madude. Ukitaka kucheka, cheka sasa uishe, maana mbele huko vicheko ni vya kuokoteza.

Wadogo zake ni hawa. Wa kwanza ni dereva wa lori, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, jina lake la utani Tani Thelathini, nalo lilimkaa mpaka mkewe humwita hivyo hivyo. Wa pili ni Kitinda, kitinda mimba wa nyumba ile, fundi simu mwenye kibanda chake katika mji mwingine kabisa. Gemu lilikuwa wazo lake. Mama alipopata kiharusi, simu za familia ziligeuka ugomvi mtupu: nani hajampigia Mama, nani alikata simu, nani alisema nini kwenye msiba wa shangazi. Kitinda akaona heri wakutane mahali pa kupiga risasi kabisa. Akafufua mashine mbovu iliyokuwa imelala kibandani, akamtumia Dada kwa basi, akamfundisha vitufe vyote kwa simu, wakawa wanakutana humo kwa intaneti, kila mtu akiwa kwake. Wakawekeana sharti moja tu: humu ndani habari za Mama hazizungumzwi. Amani ikarudi. Dada alilikubali sharti lile kwa sababu alikuwa amechoka kugombana, na alikuwa bado hajajua kuchoka kwenyewe ni nini.

Gemu lenyewe si gumu kueleza. Watu watatu wako katika mji uliokufa, na madude ya miguu mingi yanatoka kwenye mifereji. Kabla hamjatoka nje mnaanzia kwenye chumba cha silaha. Ukutani zimepangwa bunduki, na juu ya benchi kuna mkoba mmoja wa dawa. Ukiubeba mkoba, bunduki kubwa hupewi. Unapewa kibastola ambacho dude likipigwa nacho linaona kama limekunwa. Kazi yako inakuwa kuwakimbilia wenzako nyuma na kuwagawia dawa na risasi. Na lishike hili: mwenye mkoba hawezi kujitibu mwenyewe. Akiumia lazima abonyeze kitufe cha kuita, wenzake waje, mmoja asimame amfunge jeraha. Asipobonyeza, wenzake hawaoni kitu.

Mkoba alikuwa anaubeba Dada. Hakuna aliyemchagua. Siku ya kwanza kabisa wale wawili walikimbilia bunduki mbiombio kama watoto, mkoba ukabaki juu ya benchi, akauokota. Na katika familia ile ukiokota kitu mara moja, basi tena, kimekuwa chako. Wakambandika jina, Dispensari. "Dispensari, nipe dawa!" "Dispensari, risasi zimekwisha huku!" "Dispensari, uko wapi jamani, nakufa!" Naye hukimbia huku, hukimbia kule, hugawa. Kisha katikati ya mchezo, kila Jumapili, hufa kimya kimya kwenye kona.

"Ah, Dada, umekufaje tena?" huuliza Kitinda.

"Dada hana shabaha," hujibu Tani. "Tangu utotoni. Hata mawe alikuwa hajui kurusha."

Hucheka, naye hucheka nao. Kitufe cha kuita alikuwa hajawahi kukigusa hata siku moja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Sasa tuingie nyumbani. Mama alipooza upande wa kulia. Analala chumba cha pili, mlango wazi, ili Dada amsikie akiwa kwenye cherehani. Anageuzwa mchana, anageuzwa usiku, asije akaota vidonda mgongoni. Analishwa uji kwa kijiko kidogo, taratibu, maana akiharakishwa anapaliwa. Anabadilishwa, anasuguliwa, anapakwa mafuta. Katikati ya hayo yote Dada anakata kola, anashona mapindo, anapiga pasi sketi za bluu, anamtuliza mzazi anayepiga hodi akitaka sare ya mwanawe jana. Usingizi wake ni wa vipande vipande. Ameshasahau kulala mpaka mtu akaamka mwenyewe kuna ladha gani.

Wiki ile, Alhamisi, alisinzia huku mguu unakanyaga. Sindano ikampita kidole cha shahada, ikavunjikia ndani ya ukucha. Hakupiga kelele. Alikaa akikitazama kidole chake kimebanwa pale kwenye kitambaa cha bluu, na wazo lililomjia kichwani lilikuwa hili: labda sasa wataniacha nilale. Akashukuru. Hebu fikiria, mtu anachomwa na sindano anashukuru. Kushukuru kule ndiko kulikomtisha, damu hakuijali.

Jirani alikaa na Mama, yeye akaenda zahanati. Daktari alikichomoa kipande, akafunga bendeji, akamtazama usoni kwa muda. "Kidole kitapona," akasema. "Wewe ndiye unayehitaji kulala." Dada akajibu ndiyo daktari, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi ya kutoka mle.

Jioni ile ile aliwapigia wadogo zake. Alitaka wiki mbili. Si zaidi. Mmoja wao aje akae na Mama wiki mbili, yeye alale. Habari ya sindano aliimeza, akasema tu amechoka.

"Pole sana, Dada yangu," akasema Tani. "Nakutumia katoni nyingine ya nepi."

"Pole, Dada," akasema Kitinda. "Ngoja tuone. Tutaona."

Na katoni ikaja kweli, kesho yake tu, imeletwa na dereva mwenzake Tani. Nisije nikawasingizia vijana wa watu: kwa vitu hawakuwa wachoyo hata kidogo. Tani alileta nepi za watu wazima, sabuni, mafuta ya mgando, unga wa uji, vyote kwa katoni, mpaka ukumbini hapakuwa na pa kukanyaga. Kitinda alileta feni, shuka la mpira, na gemu. Lakini katoni haiamki alfajiri ikamgeuza mtu. Ungewaambia hivyo wangekuona huna shukrani, kwa hiyo Dada hakuwaambia.

Ikafika Jumapili. Mama akalala. Dada akavuta stuli, akavaa hedifoni, na kidole kile na bendeji yake akakilaza juu ya rimoti. Wote watatu wakajikuta kwenye chumba cha silaha.

"Haya, twende kazi," akasema Tani. "Dada, chukua mkoba."

Dada alimsogeza askari wake mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya mkoba. Kisha akaupita. Akaenda moja kwa moja ukutani, akashusha bunduki kubwa kuliko zote, ile ya kumimina risasi mfululizo, ambayo Tani huiita Bi Mkubwa.

"Dada, umekosea," akasema Tani. "Hiyo ni bunduki."

"Naiona."

"Bonyeza cha duara, inarudi."

"Sirudishi."

"Sasa mkoba nani anabeba?"

"Sijui mimi. Si mpo wawili?"

Kwenye skrini askari wao walisimama wakiuzunguka mkoba, kila mmoja akitazama pembeni.

"Kitinda, chukua wewe," akasema Tani. "Wewe ndiye mdogo."

"Mimi? Mimi ndiye mwenye shabaha humu!"

"Shabaha gani, juzi si ulinimiminia mimi mgongoni?"

"Ulipita mbele yangu, na mwili huo!"

"Mimi siwezi mkoba, vidole vinene hivi. Vile vitufe vya kugawia vidogo."

"Na mimi sijui kugawa. Sijawahi."

"Kwani mimi nimewahi?"

Dada aliwasikiliza, hakuingia kati. Maneno haya aliyafahamu. Ndiyo yale yale ya kwenye simu, mwezi baada ya mwezi: mimi niko safarini, mimi niko peke yangu kibandani, mimi sijui, mimi sijawahi. Tofauti ni kwamba kule waliyekuwa wakisukumiana ni Mama. Uchovu ulimpanda kutoka miguuni mpaka shingoni, na nyuma ya uchovu ikaja hasira, ndogo, ya moto.

"Basi twende hivyo hivyo," akasema Tani mwishowe. "Tutajibana." Wakatoka nje, mkoba umebaki juu ya benchi.

Yallah, Dada alivyopiga! Alipiga madude, alipiga kuta, alipiga nguzo ya taa isiyo na kosa lolote. Bi Mkubwa alikuwa anamrusha nyuma kila akifyatua, na kidole kilimuuma, na hakujali. Alijisikia anacheka. Kitinda akacheka naye, "Dada kapandisha mashetani leo!" Kwa dakika chache wakawa watatu wa zamani, wakirushiana maembe mabichi nyuma ya nyumba, kabla ya mtu yeyote kuwa mzigo wa mtu.

Halafu Tani akang'atwa.

"Dawa! Dispensari, dawa!"

"Sina."

"Unazo bwana, lete upesi!"

"Sina, Tani. Sina kitu. Nimekwisha."

Lile neno la mwisho halikuwa la gemu, na lilipomtoka alilisikia mwenyewe masikioni. Hakupata nafasi ya kuongeza, maana hapo hapo dude lilitoka kwenye mfereji nyuma yake, likamkamata mguu, na skrini yake ikawa nyekundu.

Siku zote ikifikia hapo Dada huweka rimoti mapajani akangoja kufa. Huona hakuna haja ya kuwasumbua, wenyewe wana kazi huko mbele. Leo kidole gumba kilienda chenyewe kwenye kitufe cha kuita. Akakibonyeza. Askari wake akapiga ukunga, sauti nyembamba ya mwanamke, ukasikika mtaa mzima wa mji ule uliokufa.

"Nani huyo?" akauliza Kitinda.

"Mimi."

"Ndiyo sauti yako hiyo? Mbona sijawahi kuisikia?"

Alikuwa anatazama skrini. Walikuwa wanakuja. Kitinda alishuka juu ya paa alikokuwa amejificha, Tani akajikokota na jeraha lake, wakapita katikati ya madude bila hata kulenga, mbio, mpaka walipokuwa mmoja huku na mmoja huku kando yake. Machozi yakamlengalenga. Walikuwa wanajua kuja, kumbe. Wakiitwa walikuwa wanajua.

"Nakufungaje?" akauliza Tani, anahema kama yeye ndiye aliyekimbia.

"Kwa dawa."

"Dawa ziko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Na mkoba si..." Akaishia hapo.

Hakuna aliyemkimbia, hilo niwape sifa yao. Walisimama pale wakapiga mpaka risasi ya mwisho, halafu wakafa wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Skrini ikaandika kwamba wameshindwa. Na katika ukimya ule, kutoka chumba cha pili, Mama akaita. Si jina, maneno yalishamwia mazito. Ni ile "ee" yake ndefu ya kusema upande umekufa ganzi, nigeuzeni.

"Mmemsikia?" akauliza Dada.

"Dada, tulikubaliana humu ndani..." akaanza Kitinda.

"Najua tulikubaliana nini! Nimechoka, mdogo wangu. Alhamisi nimelala kwenye cherehani, sindano imenipita kidole, imevunjikia ndani, nikashukuru. Mnanielewa? Nimeshukuru kuchomwa na sindano, kwa sababu nilidhani sasa nitapumzika." Sauti ilitaka kumkatika, akaivuta. "Msiniletee katoni. Katoni zimenijaa mpaka sina pa kuweka mguu. Nataka mtu. Nawapenda, na nimewakasirikia, yote mawili. Sasa naenda kumgeuza Mama, hedifoni naiacha hapa. Nikirudi mniambie ni nani anakuja. Na atakayeniambia tutaona, atacheza peke yake maisha yake yote."

Akavua hedifoni, akaenda.

Kumgeuza Mama kuna utaratibu wake. Kwanza unauchukua mkono uliolala unauweka kifuani, usije ukabaki chini ya mwili. Kisha bega, kisha nyonga, kwa pumzi moja, bila kumvuta ngozi. Mto kati ya magoti. Unatazama mgongo kama pana pekundu, unapaka mafuta, unanyoosha shuka mpaka pasiwe na mkunjo hata mmoja. Dada alifanya vyote hivyo.

"Unapi... gana na nani?" akauliza Mama, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja.

"Na wanao."

"Umewashinda?"

"Bado."

Mama akatoa kile anachokifanya siku hizi badala ya kucheka, pumzi mbili puani. Dada akamfuta mate, akamfunika, akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Hakutaka kurudi kule. Aliogopa kwamba atakuta kimya, na kwamba ile hasira iliyomsimamisha ikimwishia hatakuwa na kitu kingine cha kumsimamisha.

Alipoivaa tena hedifoni, alisikia pumzi nzito za Tani.

"Dada? Umerudi?"

"Nimerudi."

"Mimi naogopa."

"Unaogopa nini, mtu mzima na lori lako?"

"Kumshika Mama. Nikimwangusha je? Nikimvunja? Mikono yangu hii imezoea mataili, Dada. Nakuletea katoni kwa sababu katoni najua kuibeba." Akapenga kamasi, kwa kishindo, kama afanyavyo kila kitu. "Ukiniambia niendeshe siku tatu mfululizo nitaendesha. Lakini kumtazama pale kitandani, siwezi. Kila nikija nakaa mlangoni, umeona mwenyewe."

Alikuwa ameona. Alidhani ni haraka ya safari.

"Na mimi nilizaliwa najua?" akasema Dada. "Wiki ya kwanza nilimdondosha. Tulianguka wote wawili, tukalia pale sakafuni, kisha Mama akaanza kucheka, mpaka jirani akaja kutunyanyua."

"Hukutuambia," akasema Kitinda, taratibu.

"Niwaambie wapi? Kwenye simu mnagombana, humu ndani hairuhusiwi."

Zamani Dada angesema basi, haidhuru, nitajibana. Leo aliwangoja.

"Ijumaa nashusha mzigo," akasema Tani. "Jumamosi nipo hapo. Lakini unifundishe kwanza, usiniache naye mara moja."

"Nitakufundisha."

"Na wiki ya pili nafunga kibanda, nakuja mimi," akasema Kitinda. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sitamwekea dhamana, lakini alilisema, na mashahidi wapo.

Jumamosi Tani akaja kweli. Lori akaliacha barabara kuu, akaingia kwa miguu, amevaa shati lililopigwa pasi, na begani amebeba katoni ya nepi. Dada akasimama mlangoni akaitazama katoni. Tani naye akaitazama, kana kwamba amewekewa na mtu.

"Mazoea," akasema.

"Iweke huko kwa wenzake, uje unawe mikono."

Akamfundisha. Mkono kwanza, bega, nyonga, pumzi moja. Mara ya kwanza Tani alimshika Mama kama anashika yai, hakumsogeza hata kidogo, jasho linamtiririka. Mama akamwambia kitu, na Dada ikabidi atafsiri: "Anauliza, hicho chakula unachokula kinaendaga wapi?" Mara ya pili aliweza. Kumwogesha Mama, wakakubaliana jirani atakuja asubuhi asubuhi. Uji, kugeuza, kubadilisha, na kukaa naye, ni kazi ya Tani. Dada alimwonyesha kijiko kidogo, akamwonyesha mafuta, akamwonyesha mto wa magoti, akarudia tena mafuta, mpaka Tani akamshika mabega akamsukuma kwenye chumba chake na kufunga mlango.

Ilikuwa mchana kweupe. Dada alijilaza na nguo zake. Cherehani ilikuwa kimya, sketi za bluu hazijapigwa pasi, mwili ulikuwa unamdunda kila mahali. Usingizi aliokuwa akiulilia miezi yote ulikataa kuja. Masikio yake yalikuwa chumba cha pili. Alisikia Tani anakohoa, alisikia kijiko kinagonga bakuli, na akahesabu moyoni kwamba anamlisha haraka mno. Akajizuia. Akageukia ukutani.

Halafu Mama akaita, ile "ee" ndefu.

Kabla hajafikiri, Dada alikuwa ameketi, miguu tayari iko sakafuni, inatafuta ndala.

"Nipo, Mama," ikasema sauti kubwa ya Tani, ikijaribu kuwa ndogo. "Ni mimi. Ngoja. Mkono kwanza... haya. Bega. Haya."

Kitanda kikalia.

"Yuko wapi... mwenzako?" akauliza Mama.

"Amelala," akajibu Tani.

Dada alikuwa bado ameketi, ndala moja imeshaingia mguuni. Akaivua. Akarudisha miguu juu ya kitanda, mmoja baada ya mwingine, akajifunika shuka mpaka kichwani, akafumba macho, ili mdogo wake asije akawa amemdanganya Mama.